Gari la kasi: petroli au umeme?

Mwaka 1986 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilianza kuuza gari lililoitwa M3. Lengo lilikuwa kupata idhini ya kushiriki mashindano ya magari ya kawaida, ambayo kanuni zake zilitaka kiwanda kitengeneze magari 5,000 ya aina hiyo kwa ajili ya soko. Gari la kwanza lilikuwa na milango miwili na injini ya silinda nne. Lenye milango minne lilifuata mwaka 1994, na tangu hapo jina hilo limekuwa kipimo cha gari la familia lenye mbio za gari la mashindano.

Leo mnunuzi wa gari la namna hiyo hukuta pembeni yake gari jingine la milango minne, Tesla Model 3 Performance, lisilo na injini ya mafuta wala mngurumo. Nchini Uingereza bei yake ilipozinduliwa mwaka 2024 haikufika pauni 60,000, ilhali M3 huuzwa kwa takriban pauni 90,000.

Ni fedha nyingi katika hali zote mbili, na kwa Mswahili anayeishi ughaibuni huenda ni mkopo wa miaka minne au mitano. Makala hii inayalinganisha magari hayo mawili, zaidi kwa mazingira ya Uingereza, ambako kodi, bei ya umeme na aina ya nyumba mtu anayoishi vinaweza kuligeuza jibu juu chini.

Sekunde tatu za mwanzo

M3 ya sasa, toleo la Competition xDrive, ina injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 3.0 na turbo mbili. Tangu mwaka 2024 injini hiyo hutoa nguvu za farasi 530. Gari huondoka likiwa limesimama na kufikia kilomita 100 kwa saa katika sekunde 3.5.

Tesla ina mota mbili za umeme, moja mbele na nyingine nyuma. Kwa mujibu wa kiwanda, huifikia kasi hiyo katika sekunde 3.1.

Namna ushindi huo unavyopatikana ina maana kubwa kuliko tarakimu zenyewe. Injini ya petroli sharti kwanza ipandishe mizunguko, turbo zijae hewa, kisha gia zibadilishwe moja baada ya nyingine. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gurudumu halijasogea, wala haina gia za kubadilisha. Dereva wa M3 anayetaka kuondoka kama kiwanda kinavyodai hulazimika kuliandaa gari kwanza, ilhali dereva wa Tesla hukanyaga tu. Barabarani, ambako hakuna anayekupa muda wa kujiandaa, tofauti huonekana kubwa kuliko ilivyo kwenye karatasi.

Kwa hiyo anayenunua gari ili awaache wenzake kwenye taa za barabarani hana haja ya kusoma zaidi. Umeme umeshinda.

Baada ya sekunde hizo

Baada ya hapo hesabu hubadilika. Betri hupata joto kila inapotoa nguvu nyingi, na kompyuta ya gari hupunguza nguvu hizo ili kuilinda. Aidha, betri inayokaribia kwisha haivuti kama iliyojaa. Injini ya petroli haina tabia hiyo: M3 yenye robo tangi huvuta sawasawa na yenye tangi zima.

Mwendo mkubwa wa muda mrefu nao hula umeme. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikizidi mara mbili ukinzani huzidi mara nne. Kwa kipimo rasmi cha Ulaya Tesla hii ilipozinduliwa mwaka 2024 ilisafiri kilomita 528 kwa chaji moja, lakini kwenye barabara kuu, kwa kilomita 130 kwa saa, umbali huo hupungua sana, na baridi ya Januari huupunguza tena. Kuijaza betri kutoka asilimia 10 hadi 80 kwenye chaja ya kasi huchukua karibu nusu saa. Tangi la M3, la lita 59, hujaa kabla dereva hajamaliza kulipia chai.

Kuhusu uzito, wengi hudhani kwamba gari la umeme lazima liwe zito mno. Katika jozi hii sivyo. M3 ina takriban kilo 1,780 na Tesla takriban 1,850, tofauti ambayo ni abiria mmoja. Magari ya petroli nayo yamenenepa: BMW M5 iliyozinduliwa mwaka 2024, inayochanganya petroli na umeme, imepita tani 2.4.

Gari linalala wapi?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza, na wauzaji wengi hulifikia mwisho, ikiwa wanalifikia.

Tuchukue mfano wa mtu anayesafiri kilomita 16,000 kwa mwaka. M3 hutumia takriban lita 10 kwa kila kilomita 100, yaani lita 1,600 kwa mwaka. Tukiikadiria lita moja kuwa pauni 1.40, gharama ni pauni 2,240.

Tesla, tukihesabu pia umeme unaopotea wakati wa kuchaji, tuipe uniti 20 kwa kila kilomita 100. Hizo ni uniti 3,200 kwa mwaka. Mwenye nyumba yenye sehemu ya kuegesha gari, aliyefunga chaja ukutani na kuingia mkataba wa umeme wa usiku kwa peni 8 kwa uniti, atalipa pauni 256. Anayechaji nyumbani kwa bei ya kawaida, tuseme peni 25, atalipa pauni 800.

Lakini anayeishi kwenye fleti ya ghorofa ya tano, na gari likalala barabarani, hutegemea chaja za kasi za umma. Kwa peni 75 kwa uniti, atalipa pauni 2,400, zaidi ya mwenye M3. Sababu mojawapo ni kodi: kwa miaka mingi umeme wa nyumbani umetozwa VAT ya asilimia 5, na wa chaja za umma asilimia 20.

Gari ni lile lile na barabara ni zile zile, lakini gharama ya mmoja ni karibu mara kumi ya mwenzake kwa sababu ya ukuta wa kufungia chaja. Waafrika Mashariki wengi wa London na Birmingham wamepanga fleti. Kabla ya kulijaribu gari, ni vyema wamuulize mwenye nyumba kama ataruhusu chaja, na wapate jibu lake kwa maandishi.

Mkono wa serikali

Kwa muda mrefu serikali ya Uingereza iliwabembeleza wanunuzi wa magari ya umeme. Mbembelezo huo unapungua. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 magari hayo hulipa kodi ya barabara kama mengine. Msamaha wa ada ya kuingia katikati ya London ulikoma mwishoni mwa Desemba 2025 na nafasi yake ikachukuliwa na punguzo. Novemba mwaka huo serikali ilitangaza pia kwamba kuanzia Aprili 2028 gari la umeme litatozwa peni 3 kwa kila maili.

Eneo moja bado lina pengo kubwa, nalo ni gari linalotolewa kupitia mwajiri. Katika mwaka wa kodi wa 2025/26, anayepewa gari la umeme alihesabiwa asilimia 3 ya bei yake kuwa kipato cha ziada. Kwa gari kama M3, linalotoa hewa ya ukaa nyingi, kiwango kilikuwa asilimia 37. Kwa mtu anayekatwa kodi ya asilimia 40, Tesla ya pauni 60,000 ingemgharimu kodi ya pauni 720 kwa mwaka, na M3 ya pauni 90,000 ingemgharimu pauni 13,320.

Waajiri wengi, zikiwamo hospitali za umma ambako wauguzi wetu wengi wanafanya kazi, hutoa mpango wa kukodi gari kwa makato ya mshahara kabla ya kodi. Mpango huo unaweza kuwa nafuu kubwa. Hata hivyo, makato hayo yanaweza kupunguza mshahara unaohesabiwa kwa ajili ya pensheni, na jambo hilo sharti liulizwe kabla ya kutia saini.

Kwingineko hesabu ni nyingine. Nchini Marekani nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari jipya la umeme ilikoma tarehe 30 Septemba 2025. Nchini Oman, ambako serikali iliweka kikomo cha bei ya petroli mwaka 2021, mwenye M3 hana sababu ya kulia kituoni, na joto la kiangazi huilazimisha betri kutumia sehemu ya umeme wake kujipoza.

Sauti

Si kila kitu huandikwa katika daftari la hesabu. Aliyekulia Nakuru au Naivasha akiisubiri Safari Rally kando ya barabara huijua Subaru kabla hajaiona, kwa mngurumo wake tu, na huenda anakumbuka mwaka 1997 ambapo Colin McRae alishinda na Impreza. Kwa mtu wa namna hiyo kasi isiyo na sauti ni kama ngoma iliyochanwa ngozi.

Watengenezaji wanalijua hilo. Hyundai, katika Ioniq 5 N ya mwaka 2023 na Ioniq 6 N iliyofuata mwaka 2025, imeweka programu inayoigiza sauti ya injini na mshtuko wa kubadilisha gia. Mwandishi wa makala hii aliudharau ubunifu huo aliposoma habari zake mara ya kwanza. Leo anaona una mantiki, kwa kuwa dereva huitumia sauti kujua anakwenda kasi kiasi gani bila kutazama dashibodi. Katika Tesla iliyo kimya ni rahisi mno kuvuka kikomo cha mwendo, na kamera za Uingereza hazisamehi.

Ushauri ni kuyajaribu yote mawili kwa zaidi ya dakika kumi. Mshangao wa Tesla huja katika dakika ya kwanza na hupoa upesi. Uhondo wa M3 huja polepole, kwenye kona, na huongezeka kadiri dereva anavyoizoea. Anayeendesha kila siku kwenye foleni ya kwenda kazini hataziona kona hizo kwa nadra tu. Atakachokiona ni kituo cha mafuta.

Kuliuza, au kulipeleka nyumbani

Januari 2023 Tesla ilishusha bei zake Marekani na Ulaya, kwa baadhi ya magari kwa karibu asilimia 20. Walionunua mwezi uliotangulia walijikuta na gari lililopoteza maelfu kwa usiku mmoja. Anayenunua Tesla iliyotumika hufaidika na anguko hilo, mradi aulize hali ya betri. Kiwanda huidhamini betri ya gari hili kwa miaka 8 au kilomita 192,000, kwa ahadi kwamba haitashuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake wa awali.

M3 iliyotumika nayo ina maswali yake. La kwanza ni kama ilifanyiwa huduma ya kilomita 2,000, wakati mafuta ya injini mpya hubadilishwa. Mwenye gari asiye na karatasi hiyo apunguze bei, au mnunuzi atafute jingine.

Wapo wanaonunua wakiwa na nia ya kuja kulisafirisha gari. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani sharti uwe kulia, hivyo gari la Uingereza linafaa na la Marekani halifai. Tanzania huyatoza magari yaliyozidi umri huo ushuru wa ziada. Kwa aliye Marekani mwenye nyumba Kigali, Bujumbura au Goma, ambako magari hupita upande wa kulia, usukani wa kushoto si kikwazo. Rwanda, isitoshe, imeyasamehe magari ya umeme ushuru wa forodha na VAT tangu 2021.

Nchini Kenya, shirika la umeme lilianzisha bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri mwaka 2023: shilingi 16 kwa uniti, na nusu yake nyakati ambazo matumizi ni madogo, kabla ya tozo nyingine. Umeme wenyewe, kwa sehemu kubwa, hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo.

Kinachokosekana ni fundi. Tesla haina karakana yake katika Afrika Mashariki, na gari lake hutegemea programu zinazotumwa na kiwanda kwa njia ya intaneti. BMW ina mawakala, ingawa vipuri vya M3 huagizwa na husubiriwa. Magari yote mawili yako chini chini: kati ya tumbo la M3 na lami pana takriban sentimita 12, na matuta ya barabarani ya mitaani kwetu hayakujengwa kwa kipimo hicho. Kwenye Tesla, kinachokwaruza tuta ni bamba linaloifunika betri.