Nairobi ya Mashariki Katika Nyimbo Zake

Mwanafunzi wa historia hufundishwa mapema kutafuta habari katika hati, ramani na hesabu za serikali. Vyombo hivyo ni vya lazima, wala sitakushauri uviache. Lakini ukitaka kujua jinsi Shauri Moyo au Dandora ilivyoonekana machoni pa mtu aliyelala humo, utagundua kwamba hati nyingi ziliandikwa na watu ambao jioni ilipofika walirudi kulala kwingine. Mwenyeji wa mitaa hiyo aghalabu hakuandika ripoti, aliimba. Basi nakualika, msomaji, tuwaite mashahidi waimbaji, tuwahoji kama wahojiwavyo mashahidi wengine, maana wao pia huweza kusema kweli, kutia chumvi, au kunyamaza.

Jambo hili si la Nairobi peke yake. Mji wa Bombay, uitwao sasa Mumbai, umeandikiwa historia nzima katika nyimbo za sinema za Kihindi. Katika filamu iitwayo C.I.D. ya mwaka 1956, Mohammed Rafi na Geeta Dutt waliimba kwa mzaha juu ya ugumu wa kuishi katika mji ule. Mlalamikaji analalamika huku akicheka, kwa kuwa bado ana tumaini. Ukiifikia Gaman ya mwaka 1978, filamu ya mtu aliyeacha kijiji chake akawa dereva wa teksi Bombay, kicheko kimekwisha, na kilichobaki ni upweke. Nairobi nayo ilizijua nyimbo hizo, kwani Wahindi wa Ngara walikuwa na sinema yao ya Shan karibu kabisa na mitaa tutakayoizungumza. Jengo lile leo laitwa Sarakasi Dome, na humo hufanya mazoezi wanasarakasi na wachezaji ngoma, ambao wengi wao hawakupata kuiona filamu hata moja ya zama zile.

Tuje sasa kwetu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukagawanywa kwa rangi za watu: Wazungu wakachukua vilima vya magharibi, Wahindi wakawekwa Ngara na Parklands, na Waafrika wakasukumwa upande wa mashariki, katika uwanda wa udongo mweusi unaonata wakati wa mvua. Kariokor ilipata jina lake kutoka kambi ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale Carrier Corps, ambao jina lao Waswahili walilitamka kwa namna yao. Pumwani, pamoja na Majengo yake, ilianzishwa katika miaka ya 1920. Kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Sikiliza jina hilo vizuri, nawe utajua kama walihama kwa furaha. Katika miaka ya 1940 ikaja Kaloleni, iliyojengwa kwa kufuata mfano wa miji ya bustani ya Uingereza. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imejenga zaidi vyumba vya wanaume wasio na familia, kwa fikira kwamba Mwafrika huja mjini kufanya kazi tu na kurudi kwao.

Shahidi wetu wa kwanza ni Fundi Konde, mpiga gitaa wa pwani aliyetumikia jeshini katika Vita Kuu ya Pili kama mtumbuizaji, na baadaye akarekodi santuri nyingi. Mmoja wa nyimbo zake unaitwa Majengo Siendi Tena. Kijana mwenye pupa atarukia jina hilo na kuandika kwamba mwimbaji anasema habari za Majengo ya Pumwani. Ngoja kwanza! Mombasa nako kuna Majengo, na miji mingine ya Afrika Mashariki inayo yake. Na Fundi Konde ni mtu wa pwani. Jambo ambalo jina hilo latuonyesha bila shaka ni hili: kwamba ilitosha kutaja "Majengo" ili msikilizaji wa mji wowote aelewe ni mahali pa namna gani, penye starehe na hasara zake, na kwamba mtu angeweza kuapa kutorudi huko. Mtaa wa Waafrika ulikuwa umekwisha kupata tabia yake katika mawazo ya watu.

Kisha ukaja wakati ambao mashahidi walinyamaza. Hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952, na mwezi wa Aprili 1954 majeshi ya Kiingereza yaliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Mitaa ya mashariki ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Hakuna tukio lililoibadili mitaa hiyo kwa ghafula namna hiyo, lakini usitazamie kulikuta katika santuri zilizouzwa madukani. Nyimbo za Mau Mau zilikuwako, zikiimbwa kwa Kikuyu, ila zilipigwa marufuku, na mwenye kukutwa nazo alijua yatakayompata. Ndiyo sababu nilisema tuwahoji waimbaji. Ukimya wao nao una sababu, na mara nyingine sababu hiyo ina bunduki.

Karibu na uhuru twasikia sauti nyingine. Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William mnamo mwaka 1960, na ambao wengine husema ulitungwa na Adam Salim kabla yake, umeimbwa duniani kote kama wimbo wa mapenzi. Mimi hupenda kuusikiliza kama wimbo wa mshahara. Kijana anampenda msichana wala hana kipingamizi ila fedha za mahari. Mjini mali imekuwa sarafu badala ya ng'ombe, na sarafu hizo haziongezeki zikiwa zimelala.

Lakini shahidi nimpendaye kuliko wote ni Gabriel Omolo, aliyewahi kupiga muziki katika Equator Sound Band kabla ya kuongoza bendi yake mwenyewe ya Apollo Komesha. Wimbo wake Lunch Time ulienea mapema katika miaka ya 1970 ukamletea santuri ya dhahabu. Hausemi neno la siasa. Unawatazama tu wafanyakazi wa mji saa ya chakula cha mchana: wenye fedha huingia hotelini, na wale waliokaukiwa mifuko hujilaza bustanini mpaka wakati wa kurudi kazini. Sasa chukua ramani. Toka katikati ya mji hadi Jericho ni mwendo wa kilomita tano au zaidi, na saa moja haitoshi kwenda kula nyumbani na kurudi kwa miguu, wala nauli ya mara nne kwa siku haipatikani. Mji ulikuwa umepata bendera yake mwaka 1963, lakini wapangaji wake walikuwa bado wanalala mashariki na kufanya kazi magharibi. Omolo aliyaona hayo bila ramani. Naye aliyasema kwa kuchekesha, kama wale wa Bombay mwaka 1956.

Wakati huohuo mitaa ilizidi kusogea mbali. Mwaka 1975 kazi ilianza Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ya kugawa viwanja 6,000 vyenye maji na msingi wa choo, ili kila mwenye kiwanja ajijengee polepole. Wengi walijenga vyumba vya kupangisha, kisha vyumba juu ya vyumba. Na jirani yao likawekwa jaa kubwa la taka za mji mzima. Watoto wa Wakikuyu, Waluo, Waluhya na Wakamba wakacheza katika uchochoro mmoja, na kutokana na mchanganyiko wa namna hiyo katika mitaa ya mashariki ikakua lugha ya Sheng. Walimu waliichukia. Lakini fikiri: wazazi wao walipoulizwa kwao ni wapi walitaja kijiji, watoto hawa walitaja mtaa.

Kwa watoto hao wakatoka Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wimbo wao Tafsiri Hii ulisikika redioni, wakati ambapo vijana wengi wa Nairobi walikuwa wakiiga wenzao wa Marekani kwa Kiingereza. Hawa walighani kwa Kiswahili cha mtaani, wakieleza maisha magumu, na jina lenyewe la wimbo ni kama amri kwa asiyekaa huko: jitafutie maana. Ona tofauti. Mwimbaji wa zamani alikuwa mgeni mjini, akilaumu mji kama mtu alaumuye nyumba ya kupanga. Kijana wa Dandora hana pengine pa kurudi, kwa hiyo hasira yake ni ya mwenye nyumba aliyenyimwa ufunguo. Wao na wenzao waliojiita Ukoo Flani Mau Mau walichukua jina lililokuwa marufuku katika mitaa hiyohiyo mwaka 1954.

Mwaka 2018 kundi la Ethic, vijana wa Umoja, walitoa Lamba Lolo, na wazee wakaziba masikio. Sitautetea ufasaha wake. Hata hivyo yatosha kuona kwamba hapo hakuna malalamiko tena, wala hakuna tafsiri inayodaiwa. Mtaa unajichekesha wenyewe kwa lugha yake, na asiyeielewa hahesabiwi.

Nayo mitaa haijaacha kugeuka. Nyumba za halmashauri zilizokuja kujengwa Pangani baada ya kile kijiji cha kwanza nazo zimekwisha kubomolewa, na maghorofa marefu yamesimama mahali pake. Waliohamishwa safari ya kwanza walituachia jina la Shauri Moyo. Wewe unayesoma haya karibu na maghorofa hayo, tega sikio: safari hii, walioondoka na walioingia wanaimba nini?