Betri iliyozikwa ikiwa hai

Wale tuliokulia mahali nguzo za TANESCO hazikufika tunaikumbuka betri ya gari chini ya meza ya televisheni. Ikiisha chaji, mtu anaifunga kwenye baiskeli kuipeleka kuchajisha. Betri ile ya risasi na asidi ina ukoo mrefu: Mfaransa Gaston Planté aliivumbua mwaka 1859!

Mrithi wake ni lithiamu. Stanley Whittingham alianza kazi hiyo miaka ya 1970 akiwa kampuni ya mafuta ya Exxon. Mwaka 1980 John Goodenough, akiwa Oxford, akaongeza nguvu kwa kutumia kobalti. Mwaka 1985 Mjapani Akira Yoshino akaifanya iwe salama zaidi, na mwaka 1991 Sony wakaiingiza sokoni. Watatu hao walipewa Nobel ya kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na miaka 97.

Sasa hapa ndipo habari inapotuhusu. Kobalti nyingi ya dunia inatoka Kongo, maeneo ya Kolwezi, ambako watu wanaongea Kiswahili, na baadhi yao, watoto wakiwemo, wamechimba kwa mikono. Madini yanakwenda Asia, yanaturudia ndani ya laptop za mtumba, halafu tunayatupa jalalani. Tena mara nyingi tunatupa kitu kizima! Betri ya laptop huwa na seli kama sita. Moja ikichoka, pakiti nzima inagoma, wakati nyingine bado zina uhai.

Wenzetu wameliona hilo. Nissan Leaf ilianza kuuzwa mwaka 2010, na betri yake ikichoka kwa safari bado inafaa kwa taa. Mwaka 2018 uwanja wa mpira wa Amsterdam ulifungiwa pakiti 148 za Leaf, mpya na zilizotumika, kuhifadhi umeme, ukiwemo wa sola za paani.

Je, fundi wa mtaani anaweza? Anaweza, lakini jamani, tusidanganyane. Seli ya laptop kwa kawaida haitakiwi kuzidi volti 4.2. Ukiunga tatu mfululizo, mwisho wake ni 12.6. Kidhibiti chaji cha sola kilichowekwa kwa betri ya asidi hupandisha hadi volti 14.4 hivi. Gawanya kwa tatu: kila seli inapata 4.8. Huo ni moto, na usiku watoto wamelala. Kwa hiyo kidhibiti kiwe cha lithiamu, bodi ya kulinda seli iwepo, kila seli ipimwe, iliyovimba au kuvuja isiguswe, na pakiti isikae chumba cha kulala.

Asidi ilituunguza nguo tu, tukazoea uzembe. Lithiamu haina subira hiyo. Ila kuzika jalalani jasho la Kolwezi likiwa bado linawaka, nako si sawa.

Kwenu betri zilizokufa zinaishia wapi? Niambieni.