Salum Abdallah na Njia ya Mkonge: Dansi Kati ya Morogoro, Handeni na Korogwe

Katika miaka ya 1950, mtu aliyetaka kutoka Morogoro kwenda Tanga kwa gari alipita Turiani, akaivuka Handeni, kisha akateremkia Korogwe kwenye Mto Pangani. Kwa treni hakukuwa na njia, maana reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaunganishwa. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, wilayani Korogwe, kilikamilika mwaka 1963 tu. Barabara ile ya vumbi ndiyo iliyobeba mahindi, manamba (vibarua wa mashamba ya mkonge), makarani waliohamishwa kituo, na santuri ndani ya masanduku ya mbao.

Wanaosimulia historia ya muziki wa dansi Tanzania huanzia Dar es Salaam, ambako Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Kisha hurukia Morogoro kwa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, na kumalizia Tanga kwa bendi za Atomic na Jamhuri. Katikati ya Morogoro na Tanga huonekana kama pori. Nadhani hapo tunakosea. Kazi ya Salum Abdallah, na hasa santuri alizoacha, inaeleweka vizuri zaidi ukiisikiliza ukiwa umesimama Korogwe, kwenye nchi ya mkonge, kuliko ukiitazama kutoka mjini kwake peke yake.

Jina lake kamili lilikuwa Salum Abdallah Yazidu, na mashabiki walimfupisha wakamwita SAY. Alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba Mwarabu na mama Mluguru. Akiwa kijana alizamia katika santuri za Kikuba kiasi cha kutoroka nyumbani pamoja na wenzake, wakiwa na nia ya kupanda meli hadi Cuba kwenyewe. Safari iliishia Mombasa. Kijana akarudi Morogoro, na mwaka 1948 akaunda kundi aliloliita La Paloma. Mwaka 1952 likazaliwa kundi lililompa jina katika Afrika Mashariki yote, Cuban Marimba Band. Mji ulikwisha kuwa na bendi nyingine, Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, na ushindani wa hizo mbili uliwafanya watu wa Morogoro wagawanyike kama mashabiki wa mpira.

Santuri zilizomtoa nyumbani zilikuwa za mfululizo wa GV, ambao kampuni ya Uingereza ya HMV ilianza kuuleta Afrika mwaka 1933. Ya kwanza kabisa ilikuwa na wimbo "El Manisero" wa bendi ya Don Azpiazú, uliorekodiwa mwaka 1930. Miziki ile ilikuwa na mizizi kwa watu ambao mababu zao walichukuliwa Afrika kama watumwa. Vijana wa Morogoro, Mombasa, Tanga na Kongo walipoisikia, hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuingia katika mapigo yake. Tangu mwaka 1928, Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay kurekodiwa, watu wa huku walijua kwamba sauti yao nayo inaweza kuwekwa kwenye sahani ya santuri. Lakini sahani lazima inunuliwe, na hapo ndipo Korogwe inapoingia.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye kati ya miche aliyoiagiza ilinusurika 62. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata. Ngombezi, Magunga na Mazinde ni majina ambayo mzee yeyote wa Korogwe anayataja kwa pumzi moja. Japani ilipoteka Ufilipino na visiwa vya Uholanzi huko Asia mwaka 1942, nyuzi ngumu za kamba zilibaki kutafutwa Afrika Mashariki. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kuajiri vibarua, iliyojulikana kama SILABU, ikakusanya watu kutoka Unyamwezi, Uha, Ubena, Umakonde na hata Burundi. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950 bei ya mkonge ilipaa.

Maisha ya namba hayakuwa ya kusifiwa. Mshahara ulihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi. Ukikata mzigo wako wa majani unatiwa alama, usipoukamilisha siku hiyo haihesabiwi. Mtu angeweza kutumia miezi miwili kujaza kipande kimoja. Siku kadi ilipojaa, hata hivyo, fedha taslimu ilitoka, na ilitoka mikononi mwa maelfu ya watu walio mbali na kwao, wasio na shamba la kurudi jioni wala wazee wa kuwaalika ngomani. Juu yao walikuwapo makarani, madereva, mafundi wa karakana na watu wa reli, wachache lakini wenye suruali zilizopigwa pasi na mshahara wa uhakika wa mwezi. Hadhira ya dansi ilitokana na watu hao wote. Makarani na mafundi walilipa kiingilio ukumbini. Namba mwenye kipande kilichojaa aliweza kununua sahani, au kukaa alipo mwenye gramafoni.

Ushahidi mzuri wa jambo hili uko Tanga mjini. Bendi ambayo baadaye ilikuja kuwa Jamhuri Jazz ilianza katikati ya miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi. Unyamwezi uko mbali sana na bahari, na jina lile linasema wazi ni nani waliokuwa wakipiga magitaa katika mkoa wa mkonge. Walikuwa watoto wa safari ya kazi. Wenyeji nao walikuwa na mambo yao, Wazigua wa Handeni na selo yao, Wabondei na Wasambaa na mdumange. Ngoma hizo zilikuwa na wenyewe, na mgeni alibaki mtazamaji. Dansi lilimpokea yeyote mwenye kiingilio, na Kiswahili kilikuwa lugha yake kwa sababu hakukuwa na lugha nyingine ambayo Mnyamwezi, Mbena na Mzigua wangeimbiana.

Salum Abdallah aliijua hadhira hii bila kwenda mbali. Mkoa wa Morogoro nao ulikuwa na mkonge wake, Kimamba na Kilosa, na manamba wake. Kwa hiyo alipotunga alitungia watu wa aina moja na wale wa Korogwe, na ndiyo maana nyimbo zake zilisafiri bila kukwama.

Tanganyika haikuwa na kiwanda cha santuri. Cuban Marimba ilirekodi kwa lebo ya Mzuri, mali ya Assanand, mfanyabiashara wa Mombasa. Mji uleule uliomzuia asifike Cuba ndio uliompeleka kila mahali. Upande mmoja wa sahani ulibeba takriban dakika tatu, na ukisikiliza kwa makini utaona jinsi kikomo hicho kilivyomfunza kubana maneno. Ukumbini wimbo ungeweza kuendelea mpaka wachezaji wachoke. Studioni ilibidi gitaa lifungue mlango, mwimbaji aseme jambo lake kwa beti chache, waitikiaji wapokee, kisha ala zimalizie kabla sindano haijafika katikati. Hakuna ubeti wa kujaza nafasi. Wengine waliopenda Kikuba walitosheka kuiga midundo yake. Yeye aliweka juu ya midundo hiyo Kiswahili chenye mizani, chenye fumbo la mapenzi na onyo la jirani, namna ambayo mtu wa pwani aliyekulia kwenye mashairi angeitambua. Kwangu mimi huo ndio ukubwa wake, kuliko hata sauti.

"Ngoma Iko Huku" ndio wimbo unaotajwa zaidi leo, na kichwa chake chenyewe ni mwaliko wa bendi inayojiamini. "Wanawake Tanzania" una maana nyingine kwa mwanahistoria. Nchi ilichukua jina la Tanzania mwezi Oktoba 1964, kwa hiyo wimbo huo ni wa miezi ya mwisho ya maisha ya mtunzi, wakati alipokuwa akiiimbia jamhuri changa. Nafikiri alikuwa ndiyo kwanza anaanza kubadilika.

Santuri zilifika kwa maduka, na redio ilifika hata pale ambapo duka halikuwapo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika. Kwa mji kama Handeni, ambao haukuwa na reli, redio ya mtu mmoja barazani ilitosha kuleta Morogoro nzima.

Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 37. Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba, na Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia Morogoro Jazz, akapokea vita vya upande wa pili. Na mkonge ulianza kuanguka wakati huohuo. Uzalishaji ulifika kilele cha tani 230,000 hivi mwaka 1964, kisha nyuzi za viwandani zikaua bei, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Wanamuziki wa Tanga walianza kuhama. Ndugu Wilson na George Kinyonga, waliojiunga na Jamhuri Jazz mwaka 1966, walikwenda Arusha mwaka 1970, na mwaka uliofuata walikuwa Kenya wakiunda Simba Wanyika.

Mwaka 2000 lebo ya Dizim ya Ujerumani ilikusanya baadhi ya rekodi za Cuban Marimba za mwaka 1955 hadi 1965 katika albamu iitwayo Ngoma Iko Huku. Ni kazi ya kushukuriwa, lakini ni sehemu tu ya sahani zilizotoka. Nyingine zilinunuliwa na watu waliokuwa wakifanya kazi Magunga na Ngombezi, wakapanda nazo lori la Handeni au treni ya kurudi Tabora. Wahifadhi wetu wanaotafuta sahani hizo katika maktaba za Dar es Salaam na Ulaya wangefanya vyema kuanza Manundu, Korogwe, na Chanika, Handeni, nyumba kwa nyumba, na kuwauliza wazee kabla wajukuu hawajalitupa sanduku.