Kutoka Busasamana hadi Nyanza: Njia ya Intore

Busasamana ya Rubavu imepakana na Kongo. Udongo ni mweusi, wa volkano. Mashamba ya viazi yamezungushiwa mawe ya lava, na ng'ambo ya mpaka Nyiragongo inafuka moshi. Mbali kusini kuna Busasamana nyingine, tarafa yenye mji wa Nyanza, ambako Mfalme Musinga aliweka makao yake mwaka 1899. Kati ya Busasamana hizi mbili nimefuata njia ya zamani ya vijana waliopelekwa ikulu kufundwa. Nilitaka kujua kama mwalimu anaweza kuwa mkali bila kumdunisha mwanafunzi wake.

Chuo chao kiliitwa itorero, na wao intore, yaani wateule. Padri Alexis Kagame, aliyechapisha historia ya majeshi ya Rwanda mwaka 1963, aeleza kwamba kila mtu alihesabiwa katika jeshi fulani, awe Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Lakini waliolelewa karibu na mfalme walikuwa zaidi wana wa wakubwa. Huko walijifunza mkuki, upinde, kuruka juu, mieleka na ngoma ya guhamiriza. Itazame safu ya wachezaji hata leo: kichwani umugara wa nyuzi ndefu nyeupe, miguuni njuga, na wote wanapiga chini kwa kishindo kimoja. Mmoja akichelewa nusu hatua, njuga zake zinamsema mbele ya watu.

Baada ya kutii hivyo, kijana alitoka kwenye safu akasimama peke yake kughani ikivugo, majigambo aliyotungiwa au kujitungia. Alijipa jina la ushujaa, akataja mapambano yake kwa kasi, pumzi moja hadi inayofuata, na wakubwa wakakaa kimya kumsikiliza. Mfalme Rwabugiri mwenyewe alikuwa na ikivugo chake, na ndani yake aliitwa Inkatazakurekera. Mfalme na mwanagenzi walitumia utungo wa aina moja, na mimi naona hapo ndipo palipokuwa na heshima ya kweli. China ya karne ya 9 ina kisa cha jamii hiyo. Huangbo, mwalimu wa Zen, alimpiga mwanafunzi wake Linji mara tatu kwa kuuliza swali. Linji alipoelewa, alirudi akampiga mwalimu, na mwalimu akafurahi.

Nyanza ilishuhudia pia mfalme akiwa mwanafunzi. Mwaka 1900 Mapadri Weupe walimwacha ikulu katekista Mganda, Tobi Kibati, amfundishe Musinga kusoma na kuandika, kwa Kiswahili. Mgeni asiye na ng'ombe wala ukoo nchini akamshikisha kalamu mwenye nchi!

Wabelgiji walipotawala wakaibana njia hiyo ya elimu. Shule yao ya Nyanza ya mwaka 1919 ilikuwa ya wana wa machifu. Ile ya Astrida, mji ulioitwa baadaye Butare, iliyoendeshwa na Mabruda wa Upendo, ilikuwa na Watutsi 45 na Wahutu 9 mwaka 1932. Nidhamu ilibaki, lakini kwenye dawati kijana alijifunza kwanza kabila lake. Baada ya uhuru mizani iligeuzwa, na mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi wakafukuzwa shuleni.

Barabara ya kutoka Rubavu kwenda kusini inapita milima ya Ngororero, na huko nilikaa zaidi ya nilivyopanga. Tarehe 18 Machi 1997 waasi waliingia shule ya Nyange wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa, wakapigwa risasi na mabomu. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili amri hiyohiyo ilitolewa katika shule ya Muramba, iliyokuwa wakati huo katika mkoa wa Gisenyi. Wasichana 17 waliuawa. Mtawa Mbelgiji Griet Bosmans aliuawa usiku huohuo.

Serikali ilifufua itorero mwaka 2007, na vijana wa Busasamana zote mbili nao huitwa humo wakimaliza sekondari. Nawaombea wakufunzi watakaowasomea habari za Nyange na Muramba kabla ya kuwafundisha kupanga safu.