Swichi ya mtandao ikizima nyumbani: Chunguza umeme na nyaya kabla ya kununua nyingine

WAKAZI wengi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru wanaifahamu hali hii. Mvua ya masika inanyesha, radi inapiga, umeme unapotea. Unaporudi, taa za nyumba zinawaka lakini kompyuta iliyounganishwa kwa waya haipati intaneti. Swichi, kile kisanduku kidogo kinachougawa mtandao kwenda vyumba mbalimbali, imenyamaza.

Huenda wakati huo mwanafunzi ana kazi ya kuwasilisha kabla ya usiku wa manane, au mzazi anataka kujaza taarifa zake za ushuru kabla ya makataa ya Juni 30. Wengi hukimbilia dukani kununua swichi nyingine, kisha hugundua kwamba ile ya zamani haikuwa na kasoro yoyote. Kilichoharibika kilikuwa adapta, waya au ruta.

Ili kuepuka hasara hiyo, ni vyema kwanza kuelewa kazi ya chombo hiki. Swichi haileti intaneti nyumbani. Hupokea data kutoka kwa kifaa kimoja na kuifikisha kwa kifaa kinachokusudiwa, kwa kutumia teknolojia ya Ethernet iliyobuniwa mwaka wa 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, jimbo la California, Marekani. Swichi za nyumbani aghalabu huwa na matundu 5 au 8. Tundu moja hupokea waya kutoka kwa ruta, na mengine huhudumia kompyuta, televisheni, kamera za usalama au nyumba ya mpangaji.

Kwa hivyo, jambo la kwanza ni kubaini iwapo intaneti yenyewe ipo. Mtumiaji aiweke swichi kando na kuiunganisha kompyuta moja kwa moja na ruta. Ikiwa intaneti haipatikani hata hapo, basi kasoro iko kwenye ruta au kwa kampuni inayotoa huduma, na swichi haina lawama. Ikipatikana, kasoro imo kwenye swichi au nyaya zake. Isitoshe, mwenye kazi ya dharura atakuwa tayari ameunganishwa na anaweza kuimaliza kabla ya kuendelea na uchunguzi.

Hatua ya pili ni kutazama taa za swichi. Iwapo hakuna hata moja inayowaka, tatizo ni umeme. Soketi ijaribiwe kwa kuchomeka kifaa kingine, kama vile chaja ya simu. Ikiwa swichi imechomekwa kwenye waya wa kurefusha umeme, fyuzi iliyo ndani ya plagi ya waya huo nayo ikaguliwe.

Soketi ikiwa nzima, anayeshukiwa ni adapta. Hiki ndicho kifaa kinachobadilisha umeme wa volti 240 kuwa volti chache, kwa kawaida 5, 9 au 12, na ndicho kinachopata pigo la kwanza umeme unapopanda ghafla. Njia rahisi ya kuijaribu ni kuazima adapta nyingine inayolingana nayo. Volti zilizoandikwa kwenye adapta hiyo sharti ziwe sawa kabisa na zile zilizoandikwa kwenye swichi. Ampea zinaweza kuwa sawa au kuzidi, lakini zisipungue. Aidha, alama inayoonyesha upande wa chanya na wa hasi kwenye ncha ya waya lazima ifanane. Adapta ya volti 12 ikichomekwa kwenye swichi ya volti 5, hata kama ncha yake inaingia vizuri, inaweza kuiunguza papo hapo.

Wakati mwingine adapta huwa imechoka bila kufa. Swichi huwaka, huzima na kuwaka tena yenyewe, au hufanya kazi asubuhi na kukwama inapopata joto. Chanzo kimoja cha hali hii ni kuzeeka kwa kapasita, vipande vidogo vinavyohifadhi na kusawazisha umeme. Fundi anaweza kupima adapta kwa mita na kuona volti kamili, kumbe nguvu hushuka pindi swichi inapoanza kuitumia. Hapa pia, jaribio la kuaminika zaidi ni adapta nyingine.

Hata hivyo, asiye fundi hapaswi kuifungua adapta. Kapasita zilizo ndani yake zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 kwa muda hata baada ya kuchomolewa kwenye soketi, na mshtuko wake ni hatari.

Kuna pia hali inayowachanganya wengi, ambapo taa zote zinawaka na kumetameta kwa kasi mno, ilhali hakuna kifaa kinachopata intaneti. Mara nyingi hii husababishwa na waya mmoja ambao ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi hiyo hiyo, pengine na mtoto au mtu aliyekuwa akifagia na kuona ncha inaning'inia. Data huanza kuzunguka bila kikomo hadi kuujaza mtandao wote.

Mtaalamu Radia Perlman wa Marekani alibuni mwaka wa 1985 njia ya kuzuia mizunguko ya aina hii, lakini swichi nyingi za bei nafuu hazina kinga hiyo. Tatizo hili si la nyumbani pekee. Mnamo Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess ya mjini Boston ilikaa siku kadhaa mtandao wake ukikwama kwa sababu ya mzunguko wa data, na wahudumu wakalazimika kurejelea matumizi ya karatasi. Nyumbani, tiba ni kuchomoa nyaya zote, kuizima swichi na kuiwasha upya, kisha kurudisha waya mmoja baada ya mwingine. Waya utakaorudisha vurugu ndio wenye makosa.

Ikiwa ni kifaa kimoja tu kilichokosa mtandao, waya wake uhamishiwe tundu linalofanya kazi. Kifaa kikipata mtandao, tundu la awali ndilo lililokufa, na linaweza kuzibwa kwa utepe huku mengine yakiendelea kutumika. Kisipopata, waya ujaribiwe kwa kubadilishwa.

Ndani ya kebo ya mtandao mna nyuzi 8 zilizosokotwa jozi jozi. Kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde huhitaji jozi zote 4, ilhali ile ya megabiti 100 huhitaji 2 pekee. Ndiyo maana kebo iliyotafunwa na panya au kubanwa na mlango huweza kuendelea kufanya kazi, lakini kwa kasi ndogo. Kebo pia haipaswi kuzidi mita 100. Zile za aluminiamu iliyopakwa shaba huuzwa kwa bei ya chini, lakini hukatika kwa urahisi kuliko za shaba halisi.

Dalili nyingine ni kompyuta kuonyesha anwani inayoanza na 169.254. Maana yake ni kwamba kompyuta imeshindwa kupata anwani kutoka kwa ruta. Katika hali hiyo, waya unaotoka kwenye ruta hadi kwenye swichi ndio unaofaa kukaguliwa kwanza, kisha ruta yenyewe izimwe na kuwashwa tena.

Katika maeneo yanayouzunguka Mlima Kenya, radi yahitaji tahadhari ya pekee. Kila tundu la swichi lina kinga ndogo iliyotengenezwa kustahimili takriban volti 1,500. Radi ikipiga karibu, kebo ndefu iliyopitishwa nje kutoka nyumba kubwa hadi vyumba vya kupangisha au kamera ya langoni inaweza kubeba volti nyingi kuliko hizo, hata kama haikupigwa moja kwa moja. Kuchomoa adapta pekee hakutoshi, kwa kuwa pigo hupitia pia kebo ya mtandao. Vyote viwili vichomolewe mapema mawingu yanapotanda. Radi ikishaanza kupiga, nyaya hizo zisiguswe. Kwa anayeunganisha nyumba mbili, mkongo wa nyuzi za kioo usio na chuma ndani ni salama zaidi kwa sababu hubeba mwanga wala si umeme.

Umeme unapopotea, vifaa vichomolewe na visirudishwe hadi dakika chache baada ya kurejea kwake. Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea katika sehemu kubwa ya nchi, baadhi ya maeneo yalikaa gizani kwa saa nyingi, muda uliotosha kabisa kuchukua tahadhari hiyo.

Swichi inaweza kuhesabiwa kuwa imekufa ikiwa haiwaki hata kwa adapta nzima inayolingana nayo, au ikiwa inawaka lakini hakuna tundu linaloitikia waya uliothibitishwa kuwa mzima. Hapo ndipo kununua nyingine kunafaa, baada ya kutazama risiti ya ile ya kwanza iwapo muda wa dhamana haujaisha.