Rap ya Kutisha: Kutoka Elm Street hadi Memphis

Rap inayochota taswira zake kwenye filamu za kutisha, ile Wamarekani wanayoiita horrorcore, ilitanguliwa na mzaha. Mwaka 1988 DJ Jazzy Jeff na Fresh Prince, yaani Will Smith kabla hajawa mwigizaji, walitoa wimbo wa kuchekesha kuhusu Freddy Krueger, muuaji wa ndotoni katika filamu za Elm Street. Kampuni ya filamu ya New Line Cinema, wenye Freddy wao, hawakucheka. Walifungua kesi, na jaji wa New York akazuia video isionyeshwe. Wimbo rasmi wa Freddy walikuwa wamepewa kundi la Fat Boys.

Huko Houston, Texas, mzaha uliwekwa kando. Kundi la Geto Boys walichana kwa nafsi ya kwanza, wakazungumza kama muuaji mwenyewe, hata kampuni ya Geffen ikakataa kusambaza albamu yao ya 1990. Lakini kazi yao kubwa zaidi ni "Mind Playing Tricks on Me" ya 1991. Katika ubeti wa mwisho, Bushwick Bill na wenzake wanalivamia jitu usiku wa Halloween. Ghafla jitu halipo, naye Bill anajikuta anapiga ngumi zege, mikono inavuja damu. Hofu imetoka kwenye skrini, imeingia kichwani mwa kijana wa mtaani. Nyimbo nyingi zilizofuata zilimwaga damu kwa ndoo na hazikufika hapo.

Detroit ilikuwa na rapa Esham na kundi la Insane Clown Posse. New York ilitoa Gravediggaz, yaani wachimba makaburi, mwaka 1994, kundi la watayarishaji RZA na Prince Paul, ambao makaburi yao yalikuwa ya watu waliokufa akili.

Memphis iliongeza sauti. Madijei wa huko walirekodi kwa vifaa vya bei nafuu na kuuza kaseti mitaani. Walikata vipande vya muziki wa filamu, ukiwamo ule wa Halloween wa John Carpenter, wakavizungusha juu ya ngoma nzito za mashine ya Roland TR-808. Kaseti iliponakiliwa kutoka kaseti nyingine, ilizidi kuvuma na sauti ikadidimia, kama mtu anayesemea ardhini. Kasoro hiyo ikageuka ladha. Kundi la Three 6 Mafia walitoka humo na albamu ya Mystic Stylez, 1995. Mwaka 2006 walitwaa Oscar ya wimbo bora wa filamu, kwa wimbo usio na mzuka hata mmoja.