Amplifaya ya Valvu Ni Ndugu ya Redio

Mtu akinunua leo amplifaya ya gitaa iliyoundwa kwa mtindo wa zamani, ile yenye valvu za kioo zinazowaka nyuma kama makaa ya jiko, kitu cha kwanza anachopewa ni hadithi ya Marekani na Uingereza. Ataambiwa habari za Leo Fender na California, za Jim Marshall na duka lake la Hanwell, London, za Vox na vijana wa Liverpool. Hadithi hizo ni za kweli. Lakini huku kwetu, ukivuka daraja la Nyali kuingia Kisauni, ukipanda feri kwenda Likoni au ukipita Makupa kwenda Changamwe, kifaa hiki kina ukoo mwingine, na ukoo huo ndio wenye manufaa kwa anayetaka kukimiliki bila kuuliwa nacho. Ni ukoo wa redio.

Tuanze na 1947. Mwaka huo Mombasa ilipata idhaa yake yenyewe, Sauti ya Mvita, iliyodumu hadi 1966. Desemba ya mwaka huohuo, wataalamu wa maabara za Bell huko Marekani walitengeneza transista ya kwanza. Yaani idhaa yetu ilizaliwa mwaka mmoja na kile kijidude kilichokuja kuziua valvu. Ila transista ilichelewa kufika madukani, na kwa miaka mingi redio ilikuwa sanduku la mbao lenye valvu ndani. Ukiiwasha, wasubiri. Valvu zapata moto, halafu sauti yaja taratibu kama mtu anayetoka usingizini. Aliyewahi kuishi na redio hiyo hashangai akiona amplifaya ya gitaa inanyamaza nusu dakika kabla ya kuitika.

Sasa mtazame Fundi Konde. Alizaliwa pwani mwaka 1924, akaingia jeshi la KAR, na wakati wa Vita vya Pili akawatumbuiza askari hadi India na Burma. Aliporudi alirekodi nyimbo ambazo Wakenya bado wazijua, na yeye ni miongoni mwa wapiga gitaa wa kwanza nchini kushika gitaa la umeme. Rekodi zake za kati ya 1947 na 1956 zilikusanywa na RetroAfric na kutolewa upya 1994. Katika miaka hiyo hakukuwa na amplifaya ya gitaa isiyokuwa ya valvu popote duniani. Basi kila noti ya umeme iliyopigwa pwani wakati huo ilipita ndani ya kioo. Historia ya muziki wetu husimuliwa kwa majina ya waimbaji, na hapo sina ugomvi, lakini kati ya kidole cha mpigaji na sikio la msikilizaji palikuwa na mashine, na mashine hiyo ilikuwa na fundi wake. Fundi mwenyewe hakuwa fundi wa gitaa, alikuwa fundi wa redio. Nani mwingine angejua vitu vile?

Mashine hiyo yafanyaje kazi? Ndani ya kioo hamna hewa. Kuna uzi unaopashwa moto na stima ndogo, kwa kawaida volti 6.3. Ukipata moto, chuma kilicho karibu nao hutoa elektroni, na elektroni hizo huvutwa na bamba lenye volti 300 au zaidi. Katikati pana wavu wa waya mwembamba, na sauti dhaifu ya gitaa hufika pale kwenye wavu. Fikiria askari wa feri pale Likoni asubuhi. Mkono wake mmoja ukiinuka, watu elfu wasimama, ukishuka, wamiminika. Nguvu si ya mkono, ni ya umati unaongoja. Gitaa ndio mkono. Umati ni stima yote iliyorundikana nyuma ya bamba, na ule mmiminiko ndio tunaousikia kwenye spika.

Ukizidisha sauti, umati hauwezi kuongezeka zaidi. Transista ikifika kikomo hukata ghafla, kama kisu. Valvu hujipinda kwanza, ikaviringa kingo za sauti. Wazungu wa miaka ya 60 walilipenda hilo wakalifanya dini, na hadi leo maandishi mengi kuhusu amplifaya hizi ni kuhusu huo mngurumo. Nadhani hapa ndipo wasomaji wetu wanapopotezwa. Rumba na chakacha hazikutaka mngurumo. Mpiga solo alitaka kila noti isikike peke yake juu ya ngoma na kelele za watu wanaocheza, isimame wima kama mnazi. Kwa huku kwetu uzuri wa valvu ulikuwa katika usafi wake: noti safi, ila isiyochoma sikio. Anayenunua amplifaya ya wati 100 ili apige chakacha katika chumba cha Mtopanga atateseka bure, na majirani pia. Valvu mbili za EL84, kama zile za Vox AC15 ya 1958, hutoa wati kama 15 hivi. Zatosha harusi ya uani.

Na jambo jingine ambalo picha za wapiga gitaa wa Ulaya hazikuonyeshi: amplifaya ya zamani ilikuwa mali ya watu wengi kwa wakati mmoja. Fender Bassman ya mwisho wa miaka ya 50 ina mashimo manne. Mashimo manne si ya mtu mmoja. Gitaa laingia, maikrofoni yaingia, na chombo cha tatu chapata pake. Kwa Mombasa chombo hicho kingeweza kuwa tashkota, kile kinanda cha Kijapani chenye vitufe kama taipureta, kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912. Kilipofika huku kilitiwa umeme, na katika taarab ya akina Zuhura Swaleh sauti yake kali ikawa alama ya mji. Mjapani aliyekibuni hakuwazia harusi za Mombasa, lakini chombo kikishafika bandarini huwa hakiulizi ruhusa.

Hiyo Bassman ina kisa kingine. Mwaka 1962 vifaa vya Marekani vilikuwa ghali mno London. Ken Bran, fundi wa pale dukani kwa Jim Marshall, na wenzake wakaifungua Bassman, wakaunda ya kwao kwa kufuata ramani ileile, wakitia vipuri vilivyopatikana Uingereza. Vipuri vikabadilisha sauti, na ikazaliwa JTM45. Yaani amplifaya mashuhuri kuliko zote za Kiingereza ilianza kama kazi ya mafundi wa duka walioiga kitu cha ghali kwa vipuri vya karibu. Fundi yeyote wa Kongowea angewaelewa mara moja.

Kwa nini basi valvu zilipotea? Jibu la haraka ni kwamba transista ilikuwa nyepesi na rahisi. Jibu la huku bara ni stima. Kipevu iko Changamwe, inachoma mafuta kuwasha mji na kwingineko, lakini nyaya hazikufika kila uwanja wa ngoma. Valvu yataka mamia ya volti, na moto wa nyuzi zake hula betri upesi. Transista yafanya kazi kwa volti 12, moja kwa moja kutoka betri ya gari. Bendi iliyoalikwa harusini ndani ndani ya Likoni, mahali pasipo na nguzo hata moja, ilihitaji nini? Ilihitaji betri. Ladha ya sauti haikuulizwa. Kwenye mahoteli ya ufukweni, kulikokuwa na stima na watalii, mambo yalikwenda njia nyingine yakafika palepale: mwaka 1975 Roland ya Japani ikatoa JC-120, wati 120 bila valvu hata moja, safi na haiharibiki ovyo. Them Mushrooms, bendi iliyoanza 1972 na kukulia katika mahoteli hayo, walipotoa «Jambo Bwana» mwaka 1982, viwanda vya valvu vya Ulaya vilikuwa vikifungwa kimoja kimoja. Mafundi wakahamia kaseti, kisha televisheni, kisha simu.

Hilo ndilo linalomkuta mmiliki wa leo. Makampuni yameanza tena kuuza amplifaya za mtindo wa zamani, sura ileile, kitambaa kilekile mbele. Mimi ninayo moja, ndogo, naipenda. Lakini mnunuzi apewa kifaa na hapewi fundi, na hapo ndipo hatari ilipo. Ndani mna kapasita zinazoshika mamia ya volti hata baada ya plagi kung'olewa. Huzimi ukafungua papo hapo ukatia bisibisi. Kapasita humwagwa kwanza kupitia risista, halafu hupimwa kwa mita, na mkono mmoja hukaa mfukoni ili stima isipate njia ya kupita kifuani. Mafundi wa redio walikuwa na desturi hiyo, na si ushamba. Kijana aliyezoea kufungua simu hajawahi kuihitaji.

Pia usiiwashe bila spika. Transista nyingi hustahimili hilo, ya valvu haistahimili: transfoma ya kutolea sauti yaweza kuungua, na transfoma ndiyo kipuri cha bei. Ikiwa imetoka Marekani ikiwa ya volti 120, yahitaji transfoma ya kushusha, maana stima yetu ni 240. Ikiwa ni ya Kiingereza ya miaka ya 60, tazama nyuma kuna kichaguzi cha volti; ikiwa kimekaa kwenye 205 au 225, kisogeze kwenye namba ya juu kabla ya kuiwasha, la sivyo valvu zitapikwa kidogo kidogo kila siku bila wewe kujua. Na stima ikikatika, izime. Ikirudi yaweza kurudi kwa kishindo.

Halafu kuna chumvi. Vitabu vya matengenezo vilivyoandikwa Ulaya havina sura juu ya Shelly Beach. Upepo wa bahari hula miguu ya soketi, visu vya sauti vyaanza kukwaruza, skrubu zashika kutu. Dawa yake ni kuitumia. Amplifaya inayowashwa kila wiki hujikausha kwa joto lake yenyewe. Inayofunikwa shuka miezi sita huoza kimya kimya. Ukiwa bado hujanunua, uliza kama nyaya zake zimeunganishwa kwa mkono au ziko kwenye bodi iliyochapwa. Ya mkono ni ghali, lakini fundi mwenye chuma cha kulehemu na macho mazuri huweza kuifuata waya kwa waya.

Valvu zenyewe leo zatoka sehemu chache mno duniani: Čadca huko Slovakia, Saratov huko Urusi, na China. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, habari za Urusi kuzuia usafirishaji zilifanya bei ipande na madirisha ya maduka ya nje kubaki matupu. Mpiga gitaa wa Bamburi akajikuta amefungwa na vita asivyovijua.

Hapo ndipo undugu na redio unaporudi kwa mlango wa nyuma. EL84 na ECC83, valvu zilizomo ndani ya Vox, hazikubuniwa kwa ajili ya gitaa. Ni valvu za nyumbani. Radiogramu za Philips na Grundig, zile kabati ndefu za mbao zenye sahani juu na redio chini, zilijaa hizo hizo, na baadhi yazo bado zimekaa sebuleni Changamwe na Likoni zikiwekewa vitambaa vya fuma na picha za harusi. Watoto wa marehemu huziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Kabla ya kumwita mwenye mkokoteni, fungua ubao wa nyuma, plagi ikiwa nje na kapasita zimemwagwa, uangaze tochi kwenye kioo. Maandishi huwa yamefifia. Ukipumua juu ya kioo pengine yatajitokeza. Ukiona EL84, au 6BQ5 kama yatumia majina ya Kimarekani, ivute taratibu, wima, bila kuipinda.